Pale Mjomba Alipoishia Kusoma

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba hapo langoni wamekupa kiti kingine, maana kile cha zamani ulisema kinataka kukumwaga. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Amepunguza chumvi kama alivyoagizwa na daktari, lakini kila mlo ananikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Pale kazini paka amezaa ndani ya kapu la nguo za wateja. Bosi alinuna siku mbili, ya tatu akaanza kuwapa vitoto majina.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Nimefeli tena. Hesabu nimepita, sayansi nimepita, nimeanguka kwenye ule ule mtihani wa kusoma vifungu vya Kiingereza. Chuo cha uuguzi kinamruhusu mtu kujaribu mara tatu tu, na Juni ndiyo mara yangu ya mwisho. Nikikosa, nitapiga pasi mashati ya watu mpaka nizeeke.

Mjomba, maneno yenyewe nayajua. Ukinipa moja moja nitakueleza. Shida ni yakishakusanyika. Sentensi inaanza na mtu, halafu kabla hajafanya chochote inaingia habari ya shamba lake, na ya kaka yake aliyeliuza, na ya mvua iliyonyesha mwaka alioliuza. Nikifika kwenye nukta sijui tena ni nani alifanya nini, wala kama alifanya kweli au alitaka tu. Nasoma mara tatu, na kila mara naelewa kitu tofauti.

Mama amesema nisihangaike wakati Profesa tunaye kwenye ukoo. Kwa hiyo nakutumia kifungu kimoja nilichonakili, kinahusu daraja, pamoja na maswali yake manne. Ningepiga simu, lakini sentensi ya mistari mitano haisomeki kwenye simu ikaeleweka.

Mpwa wako,
Chiriku


1 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Usinune kwa kuchelewa kwangu. Kuna mtu hapa ofisini alikuwa likizo. Goti ni lile lile. Kiti wameleta, kina magurudumu, na asubuhi ya kwanza kilinipeleka mpaka katikati ya barabara mbele ya mkurugenzi. Mwambie dada yangu kwamba chumvi hata mimi nimekatazwa, ila mimi sina mtu wa kumkazia macho.

Hao wanaokufundisha wanakuanzishia mbali. Nisikilize mimi. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye lango la jengo hili, na kila gari likiingia naandika kwenye daftari: nani, anamwona nani, saa ngapi. Mkubwa hashuki peke yake. Ana dereva, ana msaidizi, ana mbeba mkoba, na daima kuna mmoja ambaye hata wao hawajui amefuata nini. Ningewaandika wote daftari lingejaa kabla ya saa nne. Kwa hiyo namtafuta mkubwa, wengine wanapita tu.

Sentensi ya Kiingereza ni hivyo hivyo. Ukiona 'who', ukiona 'which', ukiona 'although', hao ni wapambe. Wazungushie duara kwa penseli, waache nje ya geti, uangalie nani amebaki ndani. Na kanuni ya pili, ambayo hutaikuta kitabuni: mkubwa hutangulia. Sijawahi kuona mkubwa akiingia nyuma ya mbeba mkoba wake.

Majibu ya maswali yako manne tumeyaandika kwenye karatasi ya pili. Tumeonelea la nne lina utata, lakini andika hivyo hivyo.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa salama, ila Mama ana mafua na anataka kila mtu ajue. Vitoto vya paka vimefumbua macho. Kimoja kinaitwa Meneja.

Nimeanza kuwaweka wapambe nje ya geti. Mjomba, umenisaidia! Siku ya kwanza nilizungusha maduara mpaka penseli ikaisha ncha, na kweli nikamwona mkubwa amesimama peke yake. Nilicheka mwenyewe kama mwehu, wateja wakaniangalia.

Lakini Jumamosi, kwenye masomo ya kujiandaa na mtihani, nilimwonyesha mwalimu majibu yetu ya daraja, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa upya. Ile sentensi ya katikati, kama ninavyoielewa, inasema kwamba ingawa daraja lilijengwa kwa mawe bora na mafundi waliosifika, lilibomoka mwaka wa pili. Swali liliuliza daraja lilipatwa na nini. Jibu letu lilisema limejengwa kwa mawe bora. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa zima, akavua miwani, akaniambia, "Binti, daraja limeanguka na wewe bado unayasifia mawe."

Sasa sielewi. Kama 'although' ni mpambe, mbona ametangulia? Au mpambe anaweza kutangulia? Na kama anaweza, nitamjuaje mkubwa? Tumekosa mawili kati ya manne.

Halafu, mjomba, "tumeonelea" ni wewe na nani?

Chiriku


12 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mafua ya dada yangu nayajua tangu utotoni. Mpe chai na umsikilize, yataisha.

Huyo mwalimu wa Jumamosi mwambie aje akae langoni siku moja tu. Nani anajenga daraja kwa mawe bora na mafundi wa sifa ili lianguke? Mtu anayeandika kitabu huanza na jambo lenye uzito. Hata mimi nikikuandikia naanza na salamu, sianzi na goti. La pili nakubali tulikosea, lilikuwa watatu kwa mmoja, na yule mmoja alikuwa na hoja.

Usiwe na wasiwasi. Nimesoma Kiingereza kabla mama yako hajaolewa. Endelea na maduara. Nyumba nzima inakutegemea, na mimi nimeshawatangazia watu wote wa jengo hili kwamba nitakuwa na muuguzi wangu wa kulitazama goti bure.

Mjomba wako


25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepona, sasa anamwuguza jirani kwa nguvu. Hapa kazini tuna mashuka ya harusi, mia mbili na arobaini, mikono imenibabuka.

Watatu kwa mmoja ndio nini? Unanijibu kama unanificha kitu, lakini basi, nina jambo kubwa zaidi.

Nimechoka na vifungu vya kitabuni kwa sababu sina majibu yake, na nikipata jibu sijui kama ni sawa. Nikawaza: nitafute kifungu ambacho jibu lake tunalo tayari. Nikakumbuka ile barua ya hospitali ya Baba, ambayo ulitusomea mwenyewe mwaka ule, mimi nikiwa na miaka kumi na mitano, nimesimama mlangoni. Mama anaitunza sandukuni ndani ya kitambaa. Nimeinakili yote na nakala nakutumia humu.

Mjomba, nimeikata kwa penseli mara tano. Wewe ulisoma kwamba Baba anaendelea vizuri na atapona. Mimi nikisoma haitoki hivyo. Inanitokea hivi: ingawa mgonjwa amestahimili matibabu vizuri, na hamu ya chakula imerudi, na ni mchangamfu, ugonjwa umeenea kiasi kwamba hawana tena tiba ya kumpa isipokuwa dawa za kutuliza maumivu, na wanaishauri familia iwe karibu naye katika wiki zinazokuja.

Najua nimekosea, kwa sababu wewe uliisoma na tukafurahi wote. Hata Baba alipofariki, Mama alisema, na mpaka leo anasema, daktari aliandika atapona, ila Mungu alipanga yake. Kwa hiyo kuna mahali nimempa mpambe kiti cha mkubwa. Nionyeshe ni wapi. Nikijua kosa langu kwenye barua hii, nitajua kosa langu kwenye zote.

Chiriku


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Hapa mvua imeanza na kibanda changu kinavuja upande wa swichi, nimewaambia mara tatu. Mkurugenzi mpya ana gari lisilo na sauti, linafika mpaka mbele yangu bila mimi kujua. Goti linauma zaidi kwenye unyevu. Nimenunua mafuta ya kuchua, yananuka lakini yanasaidia kidogo.

Msalimu sana dada yangu. Mwambie nitakuja kuwatembelea, sijui lini.

Fanya mazoezi.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari nyingi.

Nimesubiri barua yako, imekuja, na ndani yake kuna swichi na mafuta ya goti. Kuhusu barua ya Baba hakuna hata neno. Nimeisoma mara mbili nikidhani labda umeandika nyuma ya karatasi.

Jumamosi mwalimu alitupa mtihani wa majaribio. Nimepata tisa kati ya thelathini. Unajua kwa nini? Kila nikisoma sentensi na kuielewa, najiambia, hapana, hata ile ya hospitali nilidhani nimeielewa. Nafuta jibu. Naandika lingine. Mwalimu ameniambia niliyoyafuta ndiyo yalikuwa sahihi, karibu yote. Ameniuliza, "Nani alikuharibia kichwa?"

Mtihani ni tarehe kumi na tatu Juni. Mama ameshanishonea gauni la kuendea, na kila anayepita mlangoni kwetu anaambiwa. Mimi nawaza nisiende. Kuliko nikafeli mara ya tatu mbele ya watu, heri niseme niliugua.

Sikuombi majibu ya vifungu tena. Nataka kitu kimoja tu: niambie nimekosea wapi kwenye barua ya Baba. Kama ni ujinga wangu, niambie ni ujinga. Nimechanganyikiwa mpaka hata magazeti ya Kiswahili nikiyasoma nasita.

Chiriku


27 Mei

Chiriku, mwanangu,

Leo salamu zitanisamehe.

Hukukosea. Barua ya baba yako umeisoma sawasawa, kuanzia neno la kwanza mpaka saini. Usifute chochote. Uliyoyaelewa ndiyo yaliyoandikwa.

Mimi ndiye sikuisoma. Kiingereza changu, mpwa wangu, ni sentensi kama arobaini. Karibu bwana, unamwona nani, weka saini hapa, lifti haifanyi kazi. Nilizijua vizuri, nikazisema kwa sauti, na ukoo mzima ukaniita Profesa. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaanza kujibu nikiitwa.

Siku ile barua ilipoletwa ilikuwa mchana, chumba kimejaa. Shemeji, baba yako, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Dada yangu alinipa bahasha kwa mikono miwili. Nikaifungua. Nikaona mwanzoni neno la 'vizuri', nikaona chakula, nikaona uchangamfu. Nikasema, anaendelea vizuri, chakula kinarudi, moyo wake ni mchangamfu. Mama yako akapiga kigelegele. Baba yako akaniangalia, akaomba viatu vyake, akasema anataka kutembea mpaka kwa kinyozi. Nilikuwa bado nimeshika karatasi. Niliona kuna mistari mingine chini. Sikuijua inasema nini, lakini niliiona, tena ilikuwa mirefu. Ningeweza kusema, subirini, sijamaliza, na sehemu hii siielewi. Nikaikunja. Nikaongeza la kwangu: atapona.

Nilitoa nakala, na juma lililofuata nikampa karani wa wakili wa ghorofa ya tatu. Akanisomea yote. Nilipanda basi mara mbili kuja kuwaambia. Mara ya kwanza nilimkuta shemeji anapaka rangi mlango, anapiga mluzi. Mara ya pili alikuwa anakupigia misumari meza ya kusomea. Nikanywa chai nikarudi. Baada ya wiki kumi na moja alifariki, na hapakuwa tena na mtu wa kumwambia ila nyinyi, na nyinyi mlikuwa mnalia. Miaka tisa nimekaa nayo.

"Sisi" ni mimi, karani huyo, mama wa mapokezi na dereva wa mkurugenzi. Vifungu vyako tulivisoma langoni saa ya chakula na tukikosa kuelewana tunapiga kura. Daraja lilisimama kwa kura tatu. Karani peke yake alisema limeanguka.

Ile habari ya mkubwa kutangulia niliitunga mimi. Nadhani niliitunga siku ile ile chumbani kwenu, bila kujua. Wapambe waache, lakini mkubwa mtafute popote alipo, hata kama amekuja wa mwisho na habari mbaya.

Nenda kwenye mtihani. Nakuomba kwa magoti yote mawili, hata hili bovu. Usinijibu kama hutaki.

Mjomba wako


30 Juni

Mpwa wangu,

Sijui kama barua yangu ilifika. Najua tarehe kumi na tatu imepita. Siku ile nilisimama langoni tangu asubuhi bila kukaa, nikaandika majina ya watu kwenye mistari isiyo yao. Karani alikuja kuniuliza mara mbili kama kuna habari. Nikamwambia barua za siku hizi zinachelewa.

Siombi kusamehewa. Nataka tu kujua kama ulikwenda.

Mjomba wako


21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi pia sijambo, nadhani. Paka wote wamechukuliwa isipokuwa Meneja.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya mtihani. Niliisomea stoo kati ya magunia ya nguo chafu, nikatoka nikapiga pasi shati moja kwa nusu saa mpaka bosi akaninyang'anya pasi. Nilikuchukia, mjomba. Nakwambia wazi kwa sababu wewe pia umeniambia wazi. Wiki kumi na moja tulikaa naye chumba kimoja tukipanga mambo ya mwaka utakaofuata. Nilikuwa nakwenda kucheza nikimwacha, kwa kuwa ulisema atapona. Ningekaa. Hilo tu, ningekaa.

Ile ya pili, ya tarehe thelathini, niliipata pia. Sikuijibu kwa makusudi.

Mtihani nilikwenda. Kifungu kilikuwa kuhusu kisima, na sentensi zake zilikuwa ndefu za kukera. Nilisoma kila moja mpaka kwenye nukta, na nilipoelewa sikufuta. Majibu yametoka Jumatatu. Nimepata sabini na moja. Nimeingia chuoni, naanza Septemba.

Ningeishia hapo, nikuache na hukumu yako. Lakini kuna lililotokea Jumanne, na sina mwingine wa kumwambia.

Mama alifurahi mpaka akaita majirani. Walipojaa akaingia chumbani, akatoka na kile kitambaa. Akakifungua mbele ya wote. Akasema, "Sasa tuna msomi wa pili. Nisomee barua ya baba yako, mwanangu, kama mjomba wako alivyotusomea siku ile. Nataka kuisikia tena ile furaha." Akanipa kwa mikono miwili.

Nilikuwa na hasira yote niliyokuja nayo tangu Juni. Nilisema moyoni, sasa hivi atajua. Nikaanza. Nikasoma kwa Kiingereza, nikamgeuzia kwa Kiswahili: amestahimili matibabu vizuri, hamu ya chakula imerudi, ni mchangamfu. Nikainua macho. Mama alikuwa amefumba yake, anatabasamu, midomo inafuatisha maneno. Mjomba, anayajua kwa moyo. Nadhani huwa anajisemea akiwa peke yake.

Mistari iliyobaki nilikuwa naiona, na mimi naielewa yote, wewe ulikuwa huielewi. Nikaikunja barua. Nikasema, "Ndiyo hivyo, Mama." Akapiga kigelegele.

Tangu siku hiyo silali vizuri na sijui nifanye nini. Nikiamua kumwambia, namwona alivyofumba macho. Nikiamua kunyamaza, nakuona wewe na miaka yako tisa. Nilidhani nikishaelewa Kiingereza nitaelewa na haya, kumbe hata kidogo. Sijui hata kama bado nimekukasirikia.

Njoo, mjomba. Mama anauliza utakuja lini, na mimi nakuuliza vilevile. Mwambie karani akushikie lango siku mbili. Barua haijarudi sandukuni, iko mezani, na kila anayeingia Mama anamwambia nitamsomea.

Chiriku